Karatasi ya Tatu

Siku ya uchaguzi mkuu mkazi wa Dar es Salaam hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya tatu wengi huipigia kura kwa kufuata chama tu. Hata hivyo, ndiyo inayomsogeza karibu zaidi na kiti cha meya, kwa kuwa karatasi ya nne, ya kumchagua meya mwenyewe, haipo.

Meya huchaguliwa na baraza la madiwani, na lazima awe diwani. Lakini barazani hawaketi madiwani wa kata peke yao. Wamo madiwani wa viti maalum, na wamo wabunge. Hapo ndipo hesabu hukorogeka. Mbunge wa jimbo anajulikana ni wa wapi; wa viti maalum je, akapige kura katika halmashauri ipi?

Swali hilo liliwahi kulitikisa jiji. Baada ya uchaguzi wa 2015, vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, vilikuwa na nguvu Dar es Salaam, na uchaguzi wa meya ukaahirishwa mara kadhaa huku UKAWA na CCM wakivutana juu ya nani ni mjumbe halali. Mwishowe, Machi 2016, wajumbe walikutana katika ukumbi wa Karimjee. Isaya Mwita wa CHADEMA akapata kura 84, Omary Yenga wa CCM 67. Mwita alikuwa diwani wa Vijibweni, ng'ambo ya Kigamboni. Kura za wananchi alizipata katika kata hiyo moja tu. Umeya alipewa na wajumbe.

Wajumbe wa baraza wanaweza pia kumng'oa meya. Januari 2020 Mwita alipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye, nayo ikazua ubishi kuhusu idadi ya wajumbe. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji yenyewe, iliyokuwa ya jiji zima, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo anayeitwa leo Meya wa Jiji la Dar es Salaam anaongoza eneo lililokuwa Ilala tu. Mkazi wa Mbagala mwenye kero ya mtaro aelekee Temeke. Kinondoni, Ubungo na Kigamboni nazo zina mameya wao.

Usichanganye haya na uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa. Huo hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, kama ule wa Novemba 2024, na husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, si Tume ya Uchaguzi.

Halafu yupo mkurugenzi wa halmashauri, mtu ambaye kwa maoni yangu husahaulika mno. Meya huongoza vikao. Watumishi na fedha za kila siku zimo mikononi mwa mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Diwani hana mamlaka ya kuagiza greda lije kesho asubuhi. Alichonacho ni kura yake bajeti inapopitishwa, na haki ya kuuliza fedha zilikwenda wapi. Mikutano ya baraza kamili iko wazi kwa wananchi, wala huhitaji kuwa na kadi ya chama ili kukaa na kusikiliza diwani wako anauliza nini.