Deni likizidi bei ya gari, mwili ndio hulipa

Je, msomaji, wewe ni mmoja wa wale wanaoamka saa nane za usiku, wakaketi kitandani na kuanza kupiga hesabu ya gari? Nyumba nzima imelala. Wewe unajumlisha pesa zinazoletwa na dereva, unatoa mafuta, spea, bima na ile tarehe ambayo mkopeshaji hutaka pesa zake. Kila ukirudia, hazitoshi. Kisha linakujia wazo la kuliuza gari upumzike. Hapo ndipo jasho linapokutoka, maana unajua kwamba hata ukiliuza leo, pesa utakazopata hazitalimaliza deni.

Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, makala haya yanakuhusu. Huku bara ya Mombasa, kuanzia Kisauni na Kiembeni hadi Likoni, Mtongwe, Changamwe na Magongo, gari si pambo la mlangoni. Matatu, tuktuk au lori ndilo linalolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Kwa hiyo gari linapogeuka kuwa mzigo, mwenye kuubeba huumia pia kiafya.

DENI HUZIDI VIPI?

Hebu tuchukue mfano. Tuseme umenunua matatu iliyotumika kwa shilingi 1,500,000. Umetoa arbuni ya shilingi 150,000, na 1,350,000 ukakopa kwa miaka minne, riba ikiwa asilimia 18 kwa mwaka, ikihesabiwa juu ya deni linalobaki. Kila mwezi utalipa karibu shilingi 39,700.

Baada ya mwaka mmoja utakuwa umelipa karibu shilingi 476,000. Wengi hudhani kuwa deni nalo limepungua kwa kiasi hicho. Sivyo. Karibu shilingi 223,000 zimekwenda kwa riba, na deni limepungua kwa shilingi 253,000 tu. Bado unadaiwa takriban shilingi 1,097,000.

Na gari je? Gari limebeba abiria asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, limeingia kila shimo la barabara, na chumvi ya bahari imeanza kula bodi. Mnunuzi akilitazama anakupa shilingi 950,000. Uliuze, uzitoe zote, na bado utadaiwa shilingi 147,000 bila gari la kuzitafutia.

Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye hajakosa kulipa hata mwezi mmoja. Ukichelewa, faini huongezwa. Na kama ulikopa kwa kuweka rahani logibuku ya gari, ukaambiwa riba ni asilimia nne, uliza kama ni kwa mwaka au kwa mwezi. Asilimia nne kwa mwezi ni asilimia 48 kwa mwaka, faini zikiwa bado hazijahesabiwa.

Jambo jingine ni kwamba bei ya gari hushuka hasa wakati ambapo mwenyewe ameishiwa. Wenye malori wa Changamwe na Miritini wanaikumbuka Agosti 2019, lilipotolewa agizo kwamba makontena yanayokwenda bara yasafirishwe kwa reli mpya. Watu waliandamana mjini Mombasa, na agizo likalegezwa Oktoba mwaka huo. Shughuli za kutoa mizigo bandarini zilirudishwa rasmi Mombasa Septemba 2022. Kazi ikikauka namna hiyo, wengi hutaka kuuza kwa pamoja, na lori ambalo halina mzigo wa kubeba nani atalinunua kwa bei nzuri?

MWILI HUFANYA NINI?

Mwili wa binadamu umeumbwa kukabili hatari ya ghafla. Ukikutana na nyoka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, na sukari huongezeka katika damu ili upate nguvu za kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Lakini deni si nyoka wa kukimbiwa. Liko nawe ukila, ukiswali au ukiwa kanisani, na hata simu ikilia tu unashtuka. Mwili unakaa tayari kwa vita mchana na usiku. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, usingizi hupotea na presha hupata sababu ya kubaki juu.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani walichapisha uchunguzi wa vijana wapatao 8,400 wenye umri wa miaka 24 hadi 32. Walilinganisha deni la mtu na mali aliyo nayo. Wale ambao deni lao lilikuwa kubwa kuliko mali yao walikuwa na msongo zaidi wa mawazo na dalili zaidi za sonona, na presha yao ya chini, yaani ile namba ya pili unayosomewa na muuguzi, ilikuwa juu zaidi. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba deni pekee ndilo lililowadhuru. Hata hivyo, unatuonya kuwa si busara kumtibu mtu presha bila kumwuliza kinachomkosesha usingizi.

DAWA ZINAZOONGEZA UGONJWA

Mwenye deni aghalabu hujitibu mwenyewe, na hapo huharibu zaidi.

Kwanza, huongeza saa za kazi. Anamwondoa dereva, anashika usukani mwenyewe alfajiri hadi usiku, na usingizi ukimjia anatafuna miraa au muguka. Majani hayo huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha, kisha yakamnyima hata ule usingizi mchache uliobaki. Dereva asiyelala huhatarisha maisha yake na ya abiria wake wote.

Pili, kichwa kikimuuma anameza ibuprofeni au diklofenaki kila siku. Dawa hizi zikitumiwa kiholela zaweza kupandisha presha na kutoboa utumbo. Utamsikia mtu akisema, "Deni limenitia vidonda vya tumbo." Vidonda hivyo kwa kawaida huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa kama hizo za maumivu. Mawazo huyazidisha maumivu, lakini vidonda vina tiba yake hospitalini. Usivivumilie kwa kudhani vitapona siku utakayomaliza kulipa.

Tatu, huficha. Mke hajui, mume hajui, ndugu hawajui. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na deni nalo ni vivyo hivyo.

DALILI ZA KUANGALIA

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote, na njia ya pekee ya kulijua ni kupimwa. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya siku tofauti vinafika 140 kwa 90 au zaidi huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Kupima huchukua dakika chache katika zahanati iliyo karibu nawe, au katika hospitali za serikali kama ile ya Likoni au ya Port Reitz kule Changamwe. Ukipata maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au ulimi kuwa mzito ghafla, kimbia hospitalini saa hiyo hiyo.

Upande wa akili, jiangalie ikiwa kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kila siku, hufurahii ulivyokuwa ukivifurahia, hulali au unalala mno, chakula hakipiti, na unajiona hufai. Hiyo yaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa unaotibika kwa ushauri na dawa, wala si udhaifu wa imani.

Na ikiwa umeanza kuwaza kwamba heri ufe deni lizikwe nawe, usikae peke yako na wazo hilo hata usiku mmoja. Mwambie mtu aliye karibu, nenda hospitalini, au piga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199. Usiogope kushtakiwa: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume cha Katiba.

UFANYE NINI?

Tafuta namba tatu wiki hii, uziandike kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni presha yako. Ya pili ni deni kamili la kumaliza mkopo leo, kwa maandishi kutoka kwa mkopeshaji, si kwa kukisia. Ya tatu ni bei halisi ya gari, uliyopewa na wanunuzi wawili au watatu. Tofauti ya namba mbili za mwisho ndiyo shimo lako. Pengine ni kubwa, lakini shimo lililopimwa halitishi kama lile la saa nane za usiku.

Karatasi hiyo mwonyeshe mwenzako wa nyumbani. Ndipo mtakapoweza kuamua pamoja kama gari libaki au liuzwe.

Kisha nenda kwa mkopeshaji kabla hujakosa kulipa. Omba muda uongezwe ili malipo ya mwezi yapungue, ukijua kuwa jumla ya riba itaongezeka. Jambo hili si geni. Tarehe 18 Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa wakopaji walioathirika wangeweza kupangiwa mikopo upya, gharama ya kufanya hivyo ikibebwa na benki. Nafuu ile ilikwisha, lakini mlango wa mazungumzo haukufungwa.

Ikiwa gari haliwezi kujilipa, uliza kama utaruhusiwa kuliuza wewe mwenyewe na shimo linalobaki ulilipe kidogo kidogo. Mara nyingi mwenye gari hupata bei nzuri kuliko mnada. Ukingoja dalali, gharama zake huongezwa juu ya deni, na bei ya mnada isipotosha, sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inakuacha bado ukidaiwa salio. Ikiwa ulikopa benki, kumbuka pia kuwa tangu 2007 sheria ya mabenki inaweka kikomo. Mkopo ukishaacha kulipika, riba inayoongezwa tangu hapo haipaswi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki.

Usisahau bima. Bima kubwa hulipa thamani ya gari siku ya ajali, wala haijali unadaiwa kiasi gani. Gari likiharibika kabisa leo, shimo linabaki lako.

Na wewe ambaye bado hujakopa, toa arbuni kubwa na uchague muda mfupi kadiri uwezavyo. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Msomaji, husemwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini anayelipa ni mtu aliye hai, mwenye usingizi na moyo mzima. Gari bovu hununuliwa jingine. Kesho, kabla ya kupita gereji, pitia zahanati kwanza upimwe presha.