Kijiti uani: somo moja la fiqhi, hisabati na jiografia

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu Waislamu, watoto wetu wengi husoma sehemu mbili: asubuhi shuleni, jioni madrasa. Shuleni hupima urefu kwa rula. Madrasa hukariri kwamba Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake. Mara nyingi hakuna anayewaonyesha kuwa elimu hizo mbili zinakutana. Mtoto tukimwuliza swali hilo hujibu bila kusita. Tukimtoa uani atazame kivuli na atuambie iwapo Alasiri imeingia, hunyamaza. Kosa si lake. Sisi tumempa maneno, hatukumpa kitu cha kushika.

Mtume (S.A.W.) hakufundisha kwa maneno peke yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba Mtume alichora umbo la pembe nne na mstari wa katikati uliotokeza nje, akauzungushia vistari vidogo. Kwa mchoro huo aliwaeleza Swahaba hali ya mwanadamu, mauti yanayomzunguka na matumaini yake marefu. Vilevile aliwahi kuswali juu ya mimbari ili watu wamwone na wajifunze swala yake.

Tuchukue basi somo la kivuli. Tusimike kijiti kilichonyooka, chenye sentimeta 30 juu ya ardhi, mahali tambarare pasipofikiwa na kivuli cha nyumba wala mti. Uzi uliofungwa jiwe utatuonyesha kama kimesimama wima. Kuanzia saa tano na nusu, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, wapime na waandike. Tuwaonye wasilitazame jua lenyewe.

Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka. Hapo jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Watoto wa Dar es Salaam watashangaa kuona kwamba jambo hilo hutokea dakika kadhaa baada ya saa sita kamili. Hapo ndipo mwalimu wa jiografia anapopata nafasi ya kueleza kwa nini saa ya ukutani na jua havilingani.

Kivuli kifupi kuliko vyote hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mwezi Juni huelekea kusini, Desemba huelekea kaskazini. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Dar es Salaam na Mombasa, hivyo mtoto wa miji hiyo atakuwa ameipata Kibla kwa kijiti na kokoto. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita utosini Dar es Salaam na kivuli cha mchana hukaribia kutoweka. Siku hizo zina somo lake.

Sasa hisabati. Ikiwa kivuli kifupi kilikuwa sentimeta 10, mtoto hujumlisha 30 na 10. Kikifika 40, Alasiri imeingia kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu. Kwa Hanafi atasubiri 70, yaani urefu wa kijiti mara mbili na zile 10. Hapo atajua kwamba lile alilokariri lilikuwa na sehemu iliyobaki: kivuli cha mchana huongezwa.

Wazee wetu katika elimu hawakutenganisha mambo haya. Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya kivuli ya msikiti huo mwaka 1371.

Ndugu wazazi, hatusemi kuhifadhi kuachwe. Kuhifadhi ndiko msingi. Tunasema kilichohifadhiwa kitiwe mikononi. Somo hili halihitaji ada wala vitabu vipya, bali Jumamosi moja na mzazi aliye tayari kukaa uani na wanawe mpaka kivuli kifike.

Tunamwomba Allah (S.W.) awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.