Sindano ya kiungo: altrasaundi humwonyesha daktari njia

Wazee wengi, na watu wanaobeba kuni na maji kila siku, husumbuliwa na maumivu ya goti, bega au nyonga. Dawa za kumeza na mazoezi yakishindwa, daktari anaweza kushauri sindano ndani ya kiungo, akiongozwa na altrasaundi. Wengine huiogopa mashine hii bure.

Altrasaundi ni nini?
Ni mashine ile ile inayotumika kumwangalia mtoto tumboni mwa mama mjamzito. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Haina mionzi kama eksirei.

Inasaidiaje?
Daktari husafisha ngozi, hupaka jeli, kisha huweka kifaa kidogo juu ya kiungo. Kwenye kioo huonekana mfupa, mishipa ya damu na maji yaliyojaa kiungoni. Sindano huonekana kama mstari mweupe, hivyo daktari huifikisha panapotakiwa bila kuchoma mshipa. Msaada huu ni mkubwa hasa kwenye nyonga, kwa kuwa kiungo hicho kiko ndani sana.

Kwanza maji, halafu dawa
Mashine huonyesha maji, lakini haiwezi kuthibitisha kama ni usaha. Daktari akiwa na shaka, huyavuta na kuyapeleka maabara. Dawa ya steroidi haichomwi kwenye kiungo chenye vijidudu, kwani hupunguza nguvu ya mwili ya kupambana navyo.

Mweleze daktari mapema kama:
- una kisukari, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa;
- unatumia dawa za kuzuia damu kuganda;
- una homa, au kidonda karibu na kiungo.

Baada ya sindano
Pumzisha kiungo siku 1 hadi 2. Usibebe mzigo mzito. Nafuu huja baada ya siku chache na inaweza kudumu wiki kadhaa au miezi. Sindano hutuliza maumivu, haiondoi uchakavu wa kiungo. Kwa kawaida hairudiwi kabla ya miezi 3.

Usingoje!
Kiungo kikivimba, kikiwa cha moto na kuuma sana, au ukipata homa, njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku. Usaha unaweza kuharibu kiungo kwa siku chache tu. Usikubali kamwe kuchomwa sindano ya kiungo nyumbani au dukani.