Kumtembeza Mbwa Kati ya Ruma na Thimlich

Langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma mbwa hapiti. Hapiti akiwa na kamba, hapiti akiwa amefungiwa ndani ya gari, hapiti hata kama amechanjwa jana na cheti unacho mkononi. Sheria hiyo ni ya hifadhi zote za taifa zilizo chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na wageni wanaofika na mbwa kiti cha nyuma huiona kama ukali tu. Sababu zipo, na kwa Ruma ni nzito kuliko mahali pengi. Anayezielewa atajua pia namna ya kumtembeza mbwa wake kwingineko Homa Bay na Migori, ambako mara nyingi hakuna lango wala askari wa kumwuliza chochote.

Ruma imelala kwenye sakafu ya Bonde la Lambwe, kati ya ukingo wa Kanyamwa na milima ya Gwassi. Ina kilomita za mraba 120. Ilitengwa mwaka 1966, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na mnyama aliyeipa sifa ni korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu na uso wa weusi na weupe. Katika Kenya nzima, korongo wa porini wamebaki hapo tu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15.

Korongo akizaa, wiki za mwanzo hatembei na ndama wake. Humlaza kwenye nyasi ndefu, akaenda malishoni, akarudi kumnyonyesha. Ndama hulala kimya bila kutikisika, na kimya hicho ndicho kinga yake dhidi ya macho ya adui. Mbele ya pua ya mbwa anayenusa kila kichaka, hakimsaidii kitu. Si lazima mbwa amng'ate. Akimkurupusha tu, ndama atakimbilia asikokujua, na mama atarudi akute nyasi tupu. Kwa jamii ndogo namna hiyo, ndama mmoja si hasara ya kusahauliwa.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kushikwa na degedege na kufa. Takriban theluthi moja yao waliangamia, na ugonjwa ukafika hadi Maasai Mara. Ulikuwa ni distempa, virusi ambavyo uchunguzi ulivihusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka mbuga. Miaka michache kabla yake, mwaka 1989, kundi la mbwa mwitu la Aitong, kando ya Mara, liliteketea kwa kichaa cha mbwa. Hayo hayakutokea mbali na sisi. Kuria, huku Migori, imepakana na Trans Mara, na Serengeti haiko mbali na Isebania. Ruma nayo ina chui, fisi na bweha, na virusi vya distempa haviulizi kama mbwa aliyevileta alikuwa mtiifu. Mbwa anaweza kuvibeba kabla hajaonyesha dalili yoyote, ndiyo maana ahadi ya mwenyewe kwamba wake ni mzima haimfungulii lango.

Nje ya uzio mambo hubadilika. Misitu ya serikali, kama ule wa Gwassi, iko chini ya Shirika la Misitu, KFS, na misitu haina katazo la jumla kama la hifadhi za wanyama. Wakazi wa Nairobi wanaijua Karura, ambako mbwa huruhusiwa akiwa na kamba. Kabla ya kupanda Gwassi na mbwa, pita ofisi ya msitu uulize. Ruhusa ya mahali pamoja haihami na wewe. Vilima vingine vingi, kuanzia Asego kinachouangalia mji wa Homa Bay hadi njia za Mlima Homa unaofikia mita 1,751, vimezungukwa na mashamba na maboma ya watu. Hapo unapita kwa hisani ya wenyeji.

Kwa maoni yangu, kamba ni ya lazima katika njia hizo zote, hata pasipo na kibao. Mbuzi wamefungwa kando ya njia, kuku wako uani, na watoto wanaochunga wana haki ya kutoogopa. Tena ukanda wa Lambwe una historia yake. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini mbwa bado hutumiwa kuwinda sungura na swala wadogo kwa siri. Mtu anayetembea karibu na uzio wa Ruma na mbwa wawili wasio na kamba hutazamwa kama mwindaji, na askari wa wanyamapori akimsimamisha hana kosa.

Mbwa wa maboma unayopitia hawafungwi mchana. Wakitoka kubweka, fupisha kamba, mweke wako upande wa pili wa mwili wako, uendelee kutembea bila kukimbia. Kuinama tu kana kwamba unaokota jiwe huwarudisha wengi. Ng'ombe ni jambo jingine. Wenye ndama wakikujia kwa hasira, achia kamba: wanamfuata mbwa, naye ana mbio kuliko wewe. Na ufukweni mwa ziwa usimwache aogelee penye mafunjo, kwa sababu viboko na mamba wapo.

Thimlich Ohinga, ngome ya kale katika Kaunti ya Migori, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zimepangwa kwa mawe matupu bila udongo wa kuyashika, na kuna mahali zinazidi mita 4 kwenda juu. Mbwa anayeparamia ukuta akimfukuza mjusi hulegeza jiwe, na jiwe lililolegea hulegeza jirani yake. Mpumzishe nje kivulini pamoja na mwenzako, mpeane zamu ya kuingia. Chunga pia mimea ya jamii ya mnyaa inayoota sehemu hizo: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni, la mbwa au lako, huunguza vibaya.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Chini ya Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, eneo likipata ugonjwa mbwa wanaweza kuamriwa wafungiwe, kwa hiyo piga simu ofisi ya mifugo ya kaunti kabla ya kusafiri. Mbwa wako akimng'ata mtu, au wewe ukang'atwa njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kabla ya jambo lolote, kisha nenda hospitali siku hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Limebaki la mbung'o. Lambwe ilijulikana kwa miaka mingi kwa malale, ugonjwa wanaoueneza. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma Kenya, na ni ushindi wa kujivunia, lakini mbung'o wenyewe hawajaisha, na vijidudu vya nagana, yaani malale ya wanyama, wanavyobeba humshambulia mbwa kwa ukali kuliko anavyoshambuliwa ng'ombe wa kienyeji. Mbwa aliyetembea bondeni mchunguze kwa wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Ataanza kwa homa na kukataa chakula. Uso au miguu inaweza kuvimba, ufizi ukapauka. Kisha mgeuze kwenye mwanga wa dirishani umtazame jicho: kioo chake hufunikwa na ukungu wa kijivu au buluu, na wenye mbwa wengi hudhani amepigwa na tawi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa ya ng'ombe, ule unga wa njano wa pakiti unaokorogwa na maji na kupigwa kwa sindano. Usifanye hivyo. Kwa mbwa, tofauti kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ubongo ni ndogo sana, na kipimo cha kukisia humwua. Dozi ikiwa pungufu, vijidudu hujificha ndani ya jicho na ubongo, vikarudi baada ya wiki kadhaa akidhaniwa amepona. Mpeleke kwa daktari wa mifugo atolewe tone la damu lipimwe kwa darubini, apimwe uzito, ndipo achomwe sindano, na arudishwe kupimwa tena hata kama anakula vizuri.