Chumba Namba 20 Chini ya Mont Blanc

Vilikuwa vyumba vidogo kando ya barabara, vyenye milango ya kuzuia moto na hewa safi iliyosukumwa kutoka nje. Aliyepatwa na hatari ndani ya handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia, alitakiwa aingie humo, afunge mlango, asubiri waokoaji. Vyumba hivyo vilijengwa kustahimili moto kwa saa mbili, baadhi vikaboreshwa vifikie saa nne. Moto wa tarehe 24 Machi 1999 uliwaka kwa saa 53. Tangu nilipozisoma hesabu hizo mbili pamoja, hazijanitoka akilini.

Ulianza kwenye lori lililotoka Ufaransa likiwa na unga na tani 9 za majarini, bidhaa ambayo haikuhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Dereva wake, Mbelgiji, ndiye shahidi ninayemrudia kila mara, maana anasimulia kama mtu wa kazi. Madereva waliokuwa wakija mbele yake, alieleza, walianza kumpigia taa. Akatazama kwenye kioo, akaona moshi mweupe ukifuka kutoka chini ya kichwa cha lori. Akasimama, akashuka aangalie kuna nini. Alipotaka kuchukua mtungi wa kuzimia moto, moto ukalipuka na kukimeza kichwa chote. Akakimbia kuelekea Italia, akapona.

Nyuma yake magari yalikuwa yamepanga foleni. Handaki moja lilikuwa na vyumba viwili vya uongozaji, kimoja kila nchi, na upande wa Italia uliendelea kusukuma hewa safi ndani. Hewa hiyo ikauchochea moto na kuupeleka moshi upande wa Ufaransa, juu ya wale waliokuwa kwenye foleni. Walikufa watu 39, wengi wao wakiwa bado ndani ya magari. Siwezi kuwalaumu. Nani angeacha gari lake gizani na kutembea kwa miguu, hali hajaambiwa aelekee wapi?

Pierlucio Tinazzi alijua. Kazi yake ilikuwa kulinda usalama wa handaki hilo, akilizungukia kwa pikipiki. Aliingia kwenye moshi. Idadi ya watu aliowaokoa imeandikwa sana na kubishaniwa sana, nami sitaiongezea neno. Lisilobishaniwa ni kwamba alikutwa amekufa katika chumba namba 20, pamoja na dereva wa lori ambaye Tinazzi hakukubali kumwacha. Mlinzi huyu alikijua kila chumba cha handaki lile. Je, alipoufunga mlango alikuwa akihesabu saa?

Askari wa zimamoto nao walizidiwa, wakajifungia katika vyumba hivyo hivyo. Waliokolewa saa kadhaa baadaye na wenzao waliowafikia kwa kupitia mfereji wa hewa. Mkuu wao alifariki. Hapo ndipo ninapokwama: njia ya mtu kupita ilikuwapo tangu handaki lifunguliwe mwaka 1965, nayo ilikuwa ikipitisha upepo tu. Miaka 34 ilipita bila vyumba vile kupewa mlango wa pili wa kumtoa mtu nje. Mahakama ya Bonneville, Ufaransa, iliwatia hatiani watu na mashirika mwaka 2005, lakini hukumu haitoshi kueleza jinsi jambo lililo wazi hivyo linavyopita mbele ya macho ya wahandisi kizazi kizima.

Handaki lilipofunguliwa tena mwaka 2002, kila chumba kilikuwa kimeunganishwa na njia ya kutorokea iliyo chini ya barabara. Uongozaji sasa ni mmoja. Wazimamoto wanakesha hadi katikati ya handaki, na gari moja huachana na jingine kwa mita 150. Hayo yote ni kazi njema, na niliyasoma kwa faraja.

Linalobaki ni dereva mwenyewe. Mzigo si wake, lori si lake, na tajiri wake anangoja simu. Taa nyekundu zinawaka, sauti ya lugha asiyoielewa inamwamuru aache kila kitu na aufuate mlango. Atashuka baada ya dakika ngapi?