HERUFI MOJA ILINITIA HASARA! Kabla hujaongeza RAM, soma hapa kwanza

Wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Nataka nikusimulie jinsi nilivyoingizwa mjini mchana kweupe. Ndiyo, mimi, mtoto wa Temeke niliyezaliwa na kukulia humu humu, niliyezoea kuwacheka wageni wanaouziwa sabuni ndani ya boksi la simu. Zamu yangu ilipofika nilinyooka, tena kwa pesa ya kukopa.

Nina kibanda cha steshenari Tandika. Si kikubwa: fotokopi moja, printa moja, na kompyuta moja ya mezani, Dell OptiPlex 790, mtumba wa toleo la mwaka 2011. Hilo ndilo jembe langu. Likilala, na mimi nalala njaa.

Agosti 2023 ulikuwa msimu wa neema. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wanahangaikia mikopo ya HESLB. Mara cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, mara fomu ichapwe, isainiwe, iskaniwe, irudishwe mtandaoni. Foleni ilifika hadi kwa muuza mihogo. Tatizo lilikuwa kompyuta yangu, iliyokuwa na RAM ya GB 2 tu. Ukifungua kurasa 3 za mtandao na skana juu yake, mashine inaganda. Mteja anakuangalia, wewe unaiangalia mashine, mashine haimwangalii mtu.

Dada yangu mkubwa aliniona ninavyosononeka. Alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, pesa aliyopanga kununulia sare za wanawe. Akanikatia elfu 60. "Mdogo wangu, katengeneze hilo dude lako, lakini mwezi wa kumi na mbili nizione," akasema. Nikaapa kwa jina la marehemu bibi.

KARIAKOO NA UJUAJI WANGU

Nilichojua mimi ni kitu kimoja tu: mashine yangu inatumia DDR3. Nikajiona profesa. Nikafika Kariakoo, nikaingia duka la kwanza: kipande cha GB 4, elfu 25. La pili, bei hiyo hiyo. La tatu jamaa akanivuta shati: "Braza, kwa nini uchukue 4? Nina 8 hapa, DDR3 hiyo hiyo, elfu 20!"

Jamani! Kikubwa kwa bei ndogo kuliko kidogo? Mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nikachukua viwili, elfu 40, nikapewa risiti iliyoandikwa kwa chini kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwenye daladala nilikuwa natabasamu peke yangu hadi konda akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Kufika kibandani nikafungua, nikachomeka. Vikaingia vizuri kabisa, tena kwa ule mlio mtamu wa "tak". Nikawasha. Taa ikamulika njano, ikazima, ikamulika. Kioo cheusi. Nikatoa, nikapuliza, nikarudisha. Kioo cheusi. Nikasoma dua. Kioo cheusi.

Asubuhi yake akaja binti mmoja wa Yombo, fomu zake zimebaki hatua ya mwisho. Nilimwambia asubiri dakika 10, akasubiri saa 2. Mwisho nikamwonyesha duka la mshindani wangu, ng'ambo ya barabara. Alinishukuru kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nusu ya foleni ikamfuata.

Nilirudi dukani Kariakoo. Jamaa akanisomea risiti kama kasisi. Nikanywea.

FUNDI WA MWANANYAMALA

Nikapanda daladala mbili hadi Mwananyamala kwa fundi mmoja niliyeelekezwa na mshikaji. Hata hakuiwasha kompyuta. Alikishika kile kipande, akakigeuza, akacheka taratibu.

"Braza, hii ni memori ya seva. Umesoma hapa?"

Kwenye karatasi ya kipande kulikuwa na maandishi PC3-10600R. Nikamwambia nimesoma, ni DDR3. Akatoa kipande kingine kwenye droo: PC3-10600U. "Umeona mwishoni? U ndiyo yako. R ni ya mashine kubwa za mabenki na mitandao ya simu. Zinafanana umbo, zinaingia mahali pamoja, lakini haziongei lugha moja."

Msomaji, herufi moja! Elfu 40 za dada yangu zilikwenda kwa herufi moja. Usilolijua ni usiku wa giza.

Kumbe vipande hivyo vya R vina chipu ya ziada katikati, inayopokea amri kutoka kwa prosesa na kuzigawa, ili seva iweze kubeba memori nyingi sana bila kuchanganyikiwa. Mazabodi ya kompyuta ya kawaida haiijui hiyo chipu. Seva zikistaafu huko ng'ambo, memori zake huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu wanaozihitaji ni wachache. Kwa hiyo ukiona GB nyingi kwa bei ya maandazi, shtuka. Yule jamaa hakuniuzia kitu kibovu. Aliniuzia kitu kizima kisichonihusu.

Fundi akaniketisha, akaagiza chai kwa pesa yangu, akanipa darasa. Nami nakupa wewe bila hata chai.

KWANZA, JE, NI RAM KWELI?

Fikiria genge la mama ntilie. Meza yake ndiyo RAM, stoo yake ndiyo diski. Meza ikiwa ndogo, kila oda anakimbilia stoo kuchukua sahani, wateja wananuna. Kompyuta nayo RAM ikijaa huanza kupeleka mizigo diski na kuirudisha, na diski ni ya polepole mno.

Kwenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha angalia sehemu ya memori ukiwa na kazi zako za kila siku. Hapo utaona RAM uliyonayo, inayotumika, na nafasi ngapi zimejaa. Ikiwa inagonga asilimia 85 au 90 muda wote, ongeza RAM. Ikiwa nusu iko wazi na mashine bado inajikokota, mchawi yuko kwingine, na mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka. Hapo pesa yako ikanunue SSD.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kwa kawaida utaona 3 na kidogo. Ukiiwekea 8, umemwagia maji bata mgongoni.

PILI, KIZAZI CHAKE

RAM zina vizazi na havioani. DDR2 ilianza mwaka 2003, DDR3 mwaka 2007, DDR4 ikaingia sokoni mwaka 2014, na viwango vya DDR5 vikatangazwa mwaka 2020. Umeme wake umekuwa ukipungua: volti 1.8, halafu 1.5, halafu 1.2, hadi 1.1. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini ule mkato wa chini umewekwa mahali tofauti makusudi, ili mbishi asilazimishe. Mtaani kwetu wapo wanaolazimisha. Ukiona haiingii, acha! Utavunja mazabodi bure.

Kipande cha laptopu ni kifupi, karibu nusu ya kile cha mezani. Usikubali kuambiwa "kitaingia tu".

TATU, HERUFI NA NAMBA

Mwisho wa ile namba, U ni ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva. E ni ile yenye kukagua makosa, nayo kompyuta nyingi za kawaida haziitaki. Kama karatasi imebanduliwa, hesabu chipu nyeusi. Kipande cha kawaida cha DDR3 huwa na 8 au 16. Ukikuta 9, 18 au 36, hiyo ni ya kukagua makosa, rudisha mezani taratibu.

Namba za mbele ni kasi. PC3-10600 ndiyo DDR3 ya 1333, PC3-12800 ndiyo ya 1600. Ukichanganya mbili, zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, kama msafara wa harusi unaomsubiri bwana mwenye baiskeli. Haiharibu kitu, ila usilipe ziada kwa kasi ambayo mashine yako haiwezi kuitumia.

Kuna na mtego mwingine: vipande vya DDR3 vya bei chee vinavyosemwa ni vya AMD tu. Vimeundwa kwa namna ambayo mashine nyingi za Intel hazivikubali. Kama prosesa yako ni Intel, pita kushoto. Na wenye Core 2 Duo zinazotumia DDR3, kipande cha GB 4 chenye chipu 16 ni salama kuliko chenye chipu 8, kwa sababu mashine za enzi hizo hazizielewi chipu zenye ujazo mkubwa.

NNE, VIWILI NI BORA

Vipande viwili vya GB 4 vinavyofanana kwa kawaida vinakimbia kuliko kimoja cha 8, kwa sababu prosesa inatumia njia mbili kwa wakati mmoja. Ni tofauti ya kichochoro cha Manzese na Kilwa Road. Vichomeke kwenye nafasi za jozi. Mazabodi nyingi zimezitia rangi. Kabla ya kununua, tafuta kitabu cha mashine yako uone nafasi ni ngapi na ukomo ni GB ngapi. Kuuliza si ujinga.

TANO, DUKANI

Hapa ndipo nilipofundishwa na maisha. Andika jina na namba ya mashine yako, au nenda na kipande cha zamani mkononi. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka RAM ya mashine fulani, halafu muombe aandike hivyo kwenye risiti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa na ukategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inatakiwa iifae kazi hiyo. Mimi niliomba "DDR3 tu" na nikapewa DDR3 tu. Nilikuwa sina pa kushika. Na kama duka lina mashine ya kujaribia, usitoke hadi uone kioo kinawaka.

Ukifika nyumbani, chomoa umeme kabisa, gusa bati la kompyuta ili mwili wako utoe chaji, kisha futa zile pini za rangi ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli. Vumbi la uswahilini limeua RAM nyingi ambazo hazikuwa na kosa. Ukishawasha, acha programu ya MemTest86 ikague usiku mzima. Hata kosa moja likitokea, rudi dukani asubuhi.

ENZI ZIMEBADILIKA

Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Leo Kariakoo zinapangwa kama mafungu ya nyanya. Wingi huo ni neema, lakini unataka macho. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vikubwa, yaani Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, vilielekeza nguvu kwenye memori za mitambo ya akili bandia. Bei ikipanda, wajanja nao huamka mapema. Oktoba 14 mwaka huo huo Microsoft ilikuwa imesitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi za zamani kama yangu hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hiyo piga hesabu kwanza: mashine yako inastahili RAM hiyo, au bora ujichange ununue yenye umri mdogo?

Kwangu mimi mwaka ule hesabu ilikubali. Elfu 20 iliyobaki ya dada, pamoja na elfu 30 niliyomkopa muuza mihogo, vikanunua vipande viwili vya GB 4, herufi U, nilivyovisoma mara 3 kabla ya kutoa pesa. Taa ikawaka, kioo kikafunguka, nusura nimkumbatie fundi. Lakini msimu ulikuwa umeshapita robo tatu, na wateja waliovuka barabara wengine hawajarudi hadi leo.

Deni la dada nililimaliza mwezi wa tatu badala ya wa kumi na mbili. Watoto wake walifungua shule na sare za mwaka uliopita, mmoja suruali imemfika juu ya kifundo. Hakunisema. Alinitazama tu.

Vile vipande viwili vya seva nimevitundika ukutani, juu ya printa. Wateja huuliza kama ni mapambo. Nawaambia hapana, hiyo ni ada ya shule.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.