Mwanya Katikati ya Springi

Mabapa mawili ya springi ya nyuma ya Land Rover yalilazwa juu ya gunia, fupi chini, refu juu. Ncha za lile fupi zilikuwa zimelibana lile refu, lakini katikati palikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Nilikuwa nimepita kwenye gereji hiyo ya Mbinga mjini kuulizia usafiri wa kushuka Mbamba Bay. Mwanya ule ukanikalisha hadi jioni.

Fundi, mzee aliyeanza na Land Rover za kubeba kahawa, anasema mwanya hauji wenyewe, unatengenezwa. Kila bapa fupi hukunjwa zaidi kidogo kuliko lililo juu yake. Sentabolti, ile bolti ya katikati, ikikazwa, mwanya unafungwa kwa nguvu, na zile ncha zinalikandamiza bapa refu hata kabla gari halijapakiwa gunia moja. Hapo yote yanabeba pamoja. Mkunjo ukiwa sawa kwa yote, ncha zinalegea, mchanga unaingia kati, na gari likidunda bapa refu linaumia peke yake. Ukizidi, nao unakichosha chuma bure. Kipimo chake? Anainama, anaingiza kidole, anatikisa kichwa, anaokota nyundo tena.

Hakunji kwa moto. Analaza bapa, upande uliobonyea juu, limeegemea vyuma viwili, kisha anapiga kuanzia katikati kwenda nchani, pigo kando ya pigo, bila haraka. Baada ya mapigo machache analipeleka kwenye mchoro wa chaki sakafuni, analilinganisha, analirudisha. Anaeleza kwamba chuma cha springi kikiiva hadi chekundu kinapoteza ukakamavu wake. Kuurudisha kunataka kukizamisha kwenye mafuta, kisha kukipasha tena kwa joto la kiasi, na kiasi hicho hapa kinasomwa kwa rangi tu. Yeye hataki kubahatisha rangi kwenye gari la abiria. Kuchomelea springi kwake ni mwiko kabisa: itakatika pembeni mwa weldi, tena mteremkoni.

Chuma chenyewe kinatoka kwenye springi kuukuu za malori. Kabla ya kununua anakigonga kwa spana na kutega sikio. Kikilia wazi, anachukua. Kikilia kama sufuria yenye ufa, anakiacha hata kwa bei ya bure. Lakini ufa mchanga usiobadilisha sauti je? Nilimuuliza. Alikiri kwamba huo humpita.

Elimu hii si ya magari ya mizigo peke yake. Ford Escort, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1972 mikononi mwa Hannu Mikkola na mwaka 1977 kwa Björn Waldegård, ilikalia springi za mabapa nyuma. Nilipomwambia, mzee hakushangaa. Barabara mbovu, alisema, haiulizi gari limekuja kushindana au kubeba dagaa wa usipa.

Sasa lami ya kilomita 66 hivi imeshafika Mbamba Bay, na kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani vijana wanateremka na magari ya chini. Shida inaanza wanapoiacha lami kuingia vijijini. Ndani ya gereji ilikuwapo Altezza nyeupe, nyuma imepandishwa juu ya mawe. Mwenyewe, mmoja wa vijana hao, anataka inyanyuliwe. Gari hili halina mabapa. Lina springi za koili, na kila tairi la nyuma linashikwa na mikono yake ya chuma. Fundi ameshajaribu kuweka vipande vya kunyanyulia juu ya springi. Gari lilipanda, lakini tairi zikabadili mlalo, zikaanza kulika upande mmoja.

Dawa anayoiona ni kutengeneza mikono yenye urefu mwingine. Anataka ikerezwe kwenye chuma kizima, Songea, kwa gharama ambayo kijana hana. Kijana anataka ile ya zamani ikatwe na kuungwa kwa weldi, kwa sababu mafundi wengine watafanya hivyo kesho asubuhi. Mzee hajamkatalia wala hajamkubalia. Gari likishatoka hapo, nani ataukagua mkono huo kabla ya mteremko wa kwanza?